Taa na Mafuta Chini ya Nyiragongo

Mkristo wa Goma, mashariki mwa Kongo, hana haja ya kukaza akili ili apate picha ya ziwa la moto linalotajwa katika Ufunuo wa Yohana. Mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, uko kilomita zisizofika 20 kaskazini mwa mji, na usiku mawingu yakiachia, wekundu wa shimo lake huonekana juu ya mabati ya nyumba. Kusini liko Ziwa Kivu, ambalo vilindini mwake zimelala takriban kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni dioksaidi na 60 za methani. Kati ya mlima na ziwa wamebanana watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wakiwa wamefika wakikimbia vita vya Masisi na Rutshuru.

Mahali kama hapo, anayehubiri kwamba dunia itaisha hapati tabu ya kuaminika. Tabu huanza pale wasikilizaji wanapouliza: basi tufanye nini? Kwa karibu miaka mia moja swali hilo limejibiwa kwa namna nyingi Kivu Kaskazini. Wapo waliotaja tarehe, wapo walioshika mikuki, wapo waliofunga na kukesha, na wapo waliofungua milango ya makanisa wakawalaza wakimbizi kwenye mabenchi.

Moto wa mababu

Wazo kwamba mlima ule una hesabu na wafu halikuletwa na wamisionari. Katika ibada ya Ryangombe, iliyoenea Rwanda na sehemu za Kivu zinazopakana nayo, aliyepitishwa katika siri za ibada alitarajia kwamba akifa ataenda kukaa kwa raha kwenye kilele chenye baridi cha volkano iliyozimika. Ambaye hakupitishwa aliangukia Nyiragongo, motoni. Mapadri Weupe walipofika na mafundisho ya jehanamu, walikuta wenyeji wanaijua anwani yake.

Wakatoliki walifundisha kwamba kila mtu ana mwisho wake: kifo, hukumu, mbingu au jehanamu. Kujiandaa kulimaanisha kitubio, komunyo na padri kufika kabla pumzi haijakata. Waprotestanti walikuja na ramani nyingine. Wapentekoste wa Sweden walianza kazi upande wa Uvira mwaka 1921, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa jumuiya ya CEPAC. Wabaptisti kutoka Marekani walifika Kivu mwishoni mwa miaka ya 1920, na matunda yao leo ni jumuiya ya CBCA, yenye makao makuu Goma. Katika ulimwengu wa Kiprotestanti wa siku hizo ilikuwa imeenea ratiba kamili ya nyakati za mwisho: unyakuo wa kanisa, dhiki kuu, mpinga-Kristo, utawala wa miaka elfu. Ratiba hiyo ilipangwa na John Nelson Darby huko Uingereza na Ireland katika karne ya 19, ikasambazwa na Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909. Ilipofika milima ya Kivu ilifundishwa kana kwamba imetoka Yerusalemu moja kwa moja.

Masisi na Lubutu, 1944

Waafrika hawakungoja wamisionari wawafasirie Ufunuo. Mwaka 1908, huko Nyasaland, Elliot Kamwana alianza kuhubiri mafundisho ya Watch Tower na kuwatangazia watu kwamba mwaka 1914 ungeleta mwisho wa utawala wa wageni. Waingereza walimhamisha, lakini habari ilikwisha kuingia katika mizigo ya vibarua waliokwenda migodini Rhodesia ya Kaskazini na Katanga. Ilipovuka mpaka wa Kongo ya Wabelgiji ikaitwa Kitawala, ikawa dini inayojitegemea. Mashahidi wa Yehova, warithi wa Watch Tower, hawaitambui kuwa yao. Ujumbe wake ulikuwa mwepesi kueleweka: Mungu hana upendeleo wa rangi, kodi na kiboko vina mwisho, na mwisho huo uko karibu.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na dawa moja, nayo ni kuwahamisha wahubiri mbali na kwao. Mhubiri aliyetolewa Katanga akapelekwa msituni upande wa pili wa nchi alifika akiwa na hadhi ya mtu aliyeteswa kwa ajili ya imani, na akaanza kufundisha upya. Kwa hiyo Kitawala ilisafiri kwa gharama ya serikali.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kongo ilitakiwa kutoa mpira, dhahabu, bati na chakula, na mwaka 1942 siku za kazi za lazima vijijini zikapandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wanaume waliorudishwa kugema mpira msituni walikuwa na wazee waliokumbuka enzi za Mfalme Leopold, wakati watu walipokatwa mikono kwa ajili ya mpira. Aliyesema kwamba siku hizi ndizo za mwisho hakuhitaji kunukuu aya nyingi.

Mapema mwaka 1944, katika misitu iliyo kati ya Masisi na Lubutu, mtu aitwaye Bushiri alijitangaza kuwa mwakilishi wa Yesu. Waliomfuata waliacha kazi za mzungu, wakawageukia maofisa na wasaidizi wao. Jeshi la Force Publique liliuzima uasi huo kwa risasi, na hadi Mei ulikuwa umekwisha. Serikali ilikaza marufuku dhidi ya Kitawala na kuwapeleka wengi katika makambi ya waliohamishwa.

Ni rahisi kumcheka Bushiri kwa kuwa Yesu hakushuka Lubutu mwaka ule. Lakini wafuasi wake walikuwa wameuliza swali la haki kwa lugha pekee waliyoachiwa. Kosa lilikuwa kuamini kwamba mbingu imekwisha kupanga tarehe na kumteua msimamizi wake duniani. Walioamini hivyo walitoka bila njia ya kurudi, na walioumia zaidi walikuwa wanakijiji.

Kutoka makanisa matatu hadi mia

Baada ya uhuru, Rais Mobutu naye hakupenda manabii wasio na kibali. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilitambua makanisa matatu tu ya Kikristo: Katoliki, Kimbangu, na Kanisa la Kristo lililowakusanya Waprotestanti wote chini ya mwavuli mmoja. Vikundi vidogo vilisali kimya nyumbani au vilijificha chini ya jina la jumuiya kubwa.

Katika kimya hicho ndipo Nyiragongo ulipopasuka. Jumatatu tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava lililokuwa ndani ya shimo lilimwagika kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiofika saa nzima. Lava yake ni nyepesi kuliko ya volkano nyingi, na kwenye mteremko mkali ilikwenda kwa mwendo wa hadi kilomita 60 kwa saa. Hakuna mguu unaoshindana na mwendo huo. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 70 na kufika mamia kadhaa. Hata ndovu walinaswa, na miili yao ikaacha mashimo yenye umbo lao ndani ya mwamba ulioganda.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza kulegeza utawala wa chama kimoja, na milango ya dini ikafunguka pamoja na ya siasa. Makanisa ya uamsho yakachipuka kila mtaa: hapa banda la mbao, pale sebule ya mtu, kule uwanja wenye turubai na spika mbili. Maneno yaliyokuwa ya darasa la Biblia yakawa ya barabarani: unyakuo, alama ya mnyama, mpinga-Kristo, jiandae. Hali ya nchi iliwasaidia wahubiri. Mishahara haikulipwa, jeshi lilipora maduka, na fedha ilipoteza thamani kati ya asubuhi na jioni.

Julai 1994

Halafu ikaja wiki ambayo hakuna mhubiri aliyeitabiri. Katikati ya Julai 1994, Wanyarwanda wapatao 850,000 waliingia Goma na vitongoji vyake ndani ya siku chache. Kipindupindu kilipozuka, watu wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Ardhi ya Goma ni mwamba wa volkano, jembe halizami. Maiti zilifungwa kwenye mikeka zikalazwa kando ya barabara mpaka wanajeshi wa Ufaransa walipoleta mitambo ya kuchimba makaburi ya pamoja.

Pigo hilo lilifanana na yale ya Ufunuo, lakini lilikuja na swali zito kuliko la tarehe. Sehemu kubwa ya waliovuka mpaka walikuwa Wakristo waliobatizwa, na miongoni mwao walikuwamo watu waliowaua majirani zao Watutsi katika mauaji ya kimbari, wakati mwingine ndani ya kanisa, kama huko Ntarama na Nyarubuye. Rwanda ilikuwa mojawapo ya nchi zenye Wakristo wengi zaidi Afrika, na ndiyo iliyouzaa uamsho wa Gahini katika miaka ya 1930, ulioenea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika ukiwataka watu waungame na kuwa tayari. Ikiwa watu wa kuungama na kukesha waliweza kushika mapanga, basi utayari unaohesabiwa kwa mahudhurio ya ibada hauna thamani. Tangu hapo, mchungaji yeyote wa Goma anayezungumzia hukumu anazungumza mbele ya watu waliokwisha kuona kwamba kiti cha mbele kanisani hakimkingi mtu na uovu.

Miaka miwili baadaye vita vilivuka upande huu. Tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu, baada ya kuuomba ulimwengu kwa wiki kadhaa usiwatupe wakimbizi na wenyeji. Siku tatu baadaye, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa AFDL.

Kanungu jirani

Ng'ambo ya mpaka wa Rutshuru, katika wilaya ya Kanungu nchini Uganda, kundi lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilifundisha kwamba dunia ingefika mwisho tarehe 31 Desemba 1999. Waumini waliuza mifugo na mashamba, wakakabidhi fedha, wakaishi kwa ukimya na kufunga. Mwaka ukageuka, dunia ikabaki. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea ndani ya jengo lililofungwa milango na madirisha. Baadaye polisi walifukua mamia ya maiti nyingine zilizozikwa katika nyumba za viongozi. Mwaka 2023 Wakenya walishuhudia jambo la aina hiyo katika msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa Paul Mackenzie walifunga hadi kufa, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa.

Katika visa vyote viwili, aliyekabidhi shamba lake alikuwa amekwisha kukata kamba ya kurudia. Tarehe ilipopita, muumini hakuwa na nyumba ya kwenda wala ndugu wa kumpokea, na kiongozi hakuwa na mali ya kurudisha.

Alhamisi ya lava

Mwanasayansi Mkongomani Dieudonné Wafula alikuwa ameonya kwamba mlima unajiandaa. Goma ilikuwa chini ya waasi wa RCD, na onyo lake halikupata serikali ya kulifanyia kazi. Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, nyufa zilifunguka ubavuni mwa Nyiragongo hadi karibu na Munigi, ukingoni mwa mji. Mkondo mmoja ulifunika karibu theluthi moja ya njia ya ndege. Mwingine ulikata katikati ya mji, ukapita madukani na kuingia ziwani usiku, na watu wakaogopa kwamba gesi ya vilindini itaamka. Takriban asilimia 13 ya mji ilifunikwa. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao na karibu 100 walikufa. Mamia ya maelfu walivuka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, wakiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu liliungua, zikabaki kuta. Waliodai kwamba moto huo ni hukumu juu ya baa na madanguro ya Goma walipata shida hapo. Lava ilifuata mteremko. Ilichoma baa, ikachoma na kanisa, ikaacha nyumba ya mlevi na kumeza ya shemasi. Mtu aliyesimama mbele ya magofu ya kanisa kuu hakuweza kusema kwa urahisi nani alikuwa amelengwa.

Kilichofuata ni sehemu ya historia hii ambayo haitajwi sana mimbarani. Kabla siku tatu hazijatimia, maelfu walianza kurudi. Walipanda juu ya mwamba mpya, wakichagua pa kukanyaga kwa sababu soli za kandambili zililainika kwa joto, na mvua ilipopiga mvuke ulifuka kutoka kwenye nyufa. Wengi walikuta nyumba ya chini imezikwa, dirisha la juu limekuwa mlango. Tarehe 21 Januari kituo cha mafuta kililipuka na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta humo. Hata hivyo hawakuondoka. Walivunja lava kwa nyundo, wakajengea kuta kwa mawe yale yale, na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikaanza tena kubeba makaa na viazi.

Kwa hesabu ya wageni huo ulikuwa ukaidi. Kwa hesabu ya mwenye familia Goma, kambi ya wakimbizi ilikuwa na hatari yake, na kipindupindu cha 1994 hakijasahaulika. Baada ya hapo kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG, kiliweka mjini vibao vya rangi vya kuonyesha kiwango cha hatari: kijani, manjano, chungwa, nyekundu. Mji ukawa na walinzi wawili wa zamu, mwanasayansi na mchungaji, kila mmoja akiwaambia watu wasilale.

Mchungaji ndani ya basi, na mkesha wa Pentekoste

Tarehe 14 Julai 2019 mchungaji mmoja alifika Goma kwa basi akitokea Butembo, ambako alikuwa amehubiri katika makanisa kadhaa na kuwawekea wagonjwa mikono. Alikuwa na Ebola, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa mjini. Alifariki muda mfupi baadaye, na tarehe 17 Julai Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Kuweka mikono, tendo la huruma kuliko yote katika makanisa ya uamsho, likawa njia ya kifo. Ndoo za maji yenye klorini zikawekwa milangoni mwa makanisa, na waumini wakasalimiana kwa kiwiko. Kunawa kabla ya kuingia ibadani kukawa sehemu ya kujiandaa.

Miaka miwili baadaye, Jumamosi jioni tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipasuka bila kibao chochote kubadilishwa rangi. OVG ilikuwa imepungukiwa na fedha baada ya msaada wa Benki ya Dunia kukoma. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Pentekoste, siku ambayo Wakristo hukumbuka ndimi za moto zilizowashukia mitume. Anga lote la kaskazini likawa jekundu, umeme ukakatika mitaa mingi, na barabara za Sake na Gisenyi zikajaa. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, baada ya kuua watu wapatao 30 na kumeza maelfu ya nyumba.

Matetemeko yaliendelea na ardhi ikapasuka katikati ya barabara. Alfajiri ya tarehe 27 Mei, Gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe. Mji mdogo wa Sake ulipokea umati usiolingana na visima vyake, na watu wakalala mashuleni, makanisani na barazani mwa wenyeji. Sebule iliyozoea kulaza watoto watatu ikalaza familia tatu.

Baada ya moto, risasi

Utabiri uliendelea kudai damu. Tarehe 30 Agosti 2023 kundi la kidini la Goma lenye mafundisho ya kimasihi, likiongozwa na Ephraim Bisimwa, lilijiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa. Walinzi wa Rais waliwafyatulia risasi, na zaidi ya watu 50 waliuawa. Kanali Mike Mikombe, kamanda wa walinzi hao, alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi Oktoba mwaka huo. Kama ilivyokuwa mwaka 1944, dola iliwajibu kwa bunduki watu waliotembea wakiamini Mungu yuko upande wao.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji kwa mara ya pili, baada ya ile ya Novemba 2012. Umoja wa Mataifa ulizungumzia karibu maiti 3,000. Benki zilifungwa, ndege zikaacha kutua, na waliokuwa makambini wakaamriwa kurudi vijijini mwao.

Wahubiri wa Goma hupenda sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, kwa sababu ya wanawali kumi na taa zao. Katika mfano huo wenye busara wanakataa kugawa mafuta, na mlango unafungwa. Mkesha mwingi wa mji huu umejengwa juu ya sehemu hiyo: kila mtu na chupa yake, kila mtu na wokovu wake. Lakini sura hiyo haiishii hapo. Inamalizikia kwa hukumu ambamo Mfalme haulizi nani alijua saa. Anauliza nani alimlisha mwenye njaa, nani alimpokea mgeni, nani alimtembelea mgonjwa na mfungwa.

Waliotaja saa katika historia hii, kutoka Nyasaland hadi Kanungu, wote walikosea, na wafuasi wao ndio waliolipa. Waliotimiza sehemu ya pili ya sura hiyo ni wengi mno kuhesabika, na hawakuandikwa popote: aliyechimba kaburi kwenye mwamba kwa ajili ya mtu asiyemjua, aliyewafungulia watu wa Goma sebule yake huko Sake, aliyemwaga klorini kwenye ndoo mlangoni mwa kanisa. Goma imefundishwa kuutazama mwisho kwa hofu, na ina sababu. Lakini mji huu umevuka miisho yake mingi kwa sababu mtu fulani, kila mara, alikuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi. Mchungaji anayetaka kuwaandaa watu kwa ajili ya siku ile ya mwisho aanzie hapo.